Nani Ataonja Maji ya Kisima

Namoto, Jumamosi, baada ya alasiri

Atija mwanangu,

Baba yako yuko uani anafunga begi lako kwa kamba, na kila akimaliza anafungua tena, kwa sababu mama yako mdogo Fatu anatokea na kitu kingine cha kuongeza. Sasa hivi ni furushi la samaki wakavu. Wewe umekwenda kuaga majirani, na nawajua majirani zetu, hawatakuachia upesi. Nina saa moja, labda na nusu. Nimekaa chumbani na kaderno langu la mwaka huu, nimechomoa karatasi za katikati, pale ambapo daftari halitaonekana limepungua. Unajua nisivyopenda kuchana karatasi.

Sitakuandikia habari za kutunza kitambulisho, wala za kutokula vya barabarani, wala za kuvaa sweta kwa sababu kule ziwani, kwenye chuo chako, kuna baridi. Hayo Fatu amekwambia tangu Jumatatu, nawe umeitikia "ndiyo, mamdogo" mpaka nikakuonea huruma.

Nakuandikia kwa ajili ya swali uliloniuliza Jumatano tukiosha mabeseni. Ulisema, "Mama, mimi nikiondoka, nani ataonja maji?" Nikakujibu, "Sugua hilo beseni, lina utelezi." Ukasugua. Baadaye nikakusikia ukimwambia baba yako kwamba bolsa, huo ufadhili wa chuo, inaweza kusubiri mwaka mmoja, kwamba ziwa halitahama. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta. Swali lako lilikuwa na jibu, ila jibu lenyewe lilikuwa halijakamilika. Leo limekamilika. Nitalifikia. Lakini kwanza itabidi nipite mahali ambapo sijawahi kupita nawe tukiwa tumetazamana.

Nilikuacha Diaca, huko bara, kwa bibi yako Veronika, ukiwa na miaka mitatu. Nilisema ni kwa mwaka mmoja. Wakati ule nilikuwa navuka mto wa mpakani nikiuza vitenge, leo niko upande wetu, kesho upande wa Tanzania, na baba yako alikuwa akijenga nyumba za watu Palma. Hapakuwa na mtu wa kukaa nawe. Mwaka mmoja ukawa miwili, na miwili ikawa minane. Nilikuwa nakuja na nguo mpya na biskuti, nalala siku mbili, naondoka kabla hujaamka. Niliona ni huruma kuondoka hivyo. Bibi Veronika aliwahi kuniambia, "Mama Atija, mtoto akiamka huwa anakwenda kutazama viatu vyako mlangoni." Nikaenda kununua biskuti zaidi.

Kisha zikaja vurugu, watu wa Diaca wakatawanyika, na Bibi akakuleta Namoto kwa mguu na kwa malori ya watu. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Siku ile uani palijaa majirani, kila mtu anataka kukuona. Nikakupa kikombe cha maji ya kisima chetu. Ukanywa, ukatema. Ukauliza mbele ya watu wote, "Maji haya mmetia chumvi?"

Watu walicheka. Fatu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilipata aibu. Kisima kile alikichimba babu yangu, na sisi sote tumekua kwa maji yake, ndiyo tunayoyaita maji baridi, maji yasiyo na chumvi. Nikakwambia, "Utazoea." Ndilo neno la kwanza nililokwambia siku uliyorudi kwangu. Nimelitafuta kwenye kaderno la mwaka ule nikitumaini nimekumbuka vibaya. Limo.

Hukuzoea. Ulikuwa ukikinga maji ya mvua kwenye sufuria na kuyaficha chini ya kitanda chako. Nilijua. Niliona ni kiburi cha bara.

Biashara ya mpakani ilipokufa, tukachimba mabwawa mawili pale chini karibu na kisima, tukaingia kwenye kambale. Haya unayajua, lakini nayaandika kwa mpangilio, kwa sababu nisipoyapanga nitajipendelea. Tekniko wa samaki, yule mtaalamu, alikuja akatufundisha siku tano, na mimi niliandika kila alichosema. Jike anachomwa dawa jioni, kesho yake anakamuliwa mayai kwenye beseni kavu. Dume hakamuliki. Dume huchinjwa, mfuko wa mbegu ukatolewa, ukapasuliwa, mbegu zikamiminwa juu ya mayai, mtu akachanganya taratibu kwa unyoya wa kuku. Ndipo maji hutiwa. Mbegu za dume zimelala mpaka ziguse maji. Zikiyagusa zinashtuka, zinaogelea kutafuta yai, na muda wao wote wa kuishi ni kama wa mtu kusoma Alhamdu mara mbili bila haraka. Baada ya hapo, lililopatikana limepatikana.

Wakati wa mvua nilizalisha mara mbili, kwa mikono yangu, na mara zote mbili mabeseni yalijaa vifaranga. Nikajiona bingwa. Ilipofika Oktoba nikakupa wewe unyoya. Ulikuwa umeomba tangu Machi. Ulikuwa umefanya mazoezi kwa uji.

Sasa nanakili kutoka kwenye kaderno la mwaka huo, neno kwa neno:

"Tarehe 7 Oktoba. Jike mmoja, dume mmoja. Mayai mengi, rangi nzuri. Kufikia magharibi nusu yamekuwa meupe. Asubuhi karibu yote meupe. Aliyechanganya: Atija. Sababu: mikono ya Atija."

Sikuandika "huenda". Sikuweka alama ya kuuliza. Mimi ninayeandika mpaka idadi ya mawingu, siku ile sikuhesabu kitu kingine chochote. Na wewe ulikuwa umesimama pale mlangoni, mikono ile ile ukiwa umeikumbatia kifuani, ukaniambia, "Mama, labda ni maji. Leo maji ni makali kuliko wiki iliyopita." Nikakujibu, "Maji haya yamenilea mimi." Kisha nikamgeukia Fatu na kumwambia maneno ambayo nilidhani umeshakwenda mbali usiyasikie. Nilisema, "Huyu sikumlea mimi. Mikono yake siijui."

Ulikuwa hujafika mbali. Nilijua kwa namna ulivyoweka ndoo chini, polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Tarehe 22 nikachanganya mwenyewe. Yakawa meupe vilevile. Mtu mwenye akili angerudi kuomba radhi. Mimi nilitafuta mkosaji mwingine, nikampata dume. Nikasema dume yule alikuwa mzee. Na kwa sababu nilikumbuka kwamba tekniko alituambia chumvi huzuia ukungu kwenye vidonda vya samaki, nikaona mayai meupe yana ukungu, basi mara ya tatu nitie chumvi kidogo kwenye maji mapema, kabla ukungu haujaanza. Ona utaratibu wangu. Nilipima kwa kijiko. Niliandika.

Ndiyo siku niliyomchinja Chefe.

Wewe ndiye uliyempa jina hilo la bosi, kwa sababu alikuwa akifika mwisho kula na wote wakimpisha. Dume mkubwa kuliko wote, mwenye afya, anang'aa mgongo. Ulinishika mkono. Ulisema, "Mama, subiri siku nne tu. Ngoja maji yapungue ukali. Samaki akishachinjwa harudishwi bwawani." Nikakuuliza nani amekuteua tekniko. Ukaachia mkono wangu.

Mayai ya siku ile hayakungoja hata magharibi. Yalikuwa meupe yote kabla ya adhuhuri. Sikumla Chefe, nawe hukumla, na baba yako alisema ameshiba. Fatu alimkaanga na kumla peke yake, akasema, "Mtu asife bure." Nadhani alitaka kutuchekesha. Hakucheka mtu.

Jioni ile nilikaa na kaderno nikaanza kusoma kwa sauti maelezo ya mafunzo, tangu ukurasa wa kwanza, kama mtu aliyepoteza ufunguo anayerudi kupekua mfuko aliokwisha kupekua. Wewe ulikuwa unachagua mchele. Hatukuwa tumesemeshana tangu asubuhi. Nikafika mahali nilipoandika: "Mbegu za dume zikitakiwa kusubiri, ziwekwe kwenye chupa ya maji yenye chumvi kiasi cha mwili wa samaki. Humo hulala. Ukitia maji baridi huamka."

Ukasema, "Rudia hapo."

Nikarudia.

"Basi ndiyo hayo," ukasema. "Kisima chetu kinazilaza."

"Kisima chetu ni maji baridi."

"Mama. Mimi nimekunywa maji ya Diaca. Haya siyo maji baridi. Nilisema tangu siku ya kwanza mkanicheka."

Fatu akadakia, "Ala! Sisi tumeyanywa tangu tuzaliwe, mbona hatujalala?"

"Mamdogo, kwani wewe mbegu ya kambale?"

Baba yako alilipuka kicheko, akapaliwa na muhogo, ikabidi apigwe mgongo. Hata mimi nilicheka. Lakini mkono wangu ulikuwa juu ya ukurasa ule, juu ya maandishi yangu mwenyewe, mazuri, yaliyonyooka, niliyoyapigia mstari kwa rula. Nilikuwa na jibu ndani ya sanduku langu miezi yote ile. Niliandika kwamba chumvi huzilaza, nikafunga daftari, nikaenda kutia chumvi.

Hata hivyo sikukuamini moja kwa moja. Na hilo naliandika. Ulinyanyuka, ukaleta sufuria mbili. Moja ukatia maji yako ya mvua, yale ya chini ya kitanda. Nyingine ukatia maji ya kisima. Ukaziweka jikoni zichemke mpaka zikauke. Tulikaa wanne tunatazama sufuria kama watu wanaongoja mgeni. Ya mvua ilikauka ikabaki nyeusi vilevile. Ya kisima ilibaki na gamba jeupe chini, na pembeni duara baada ya duara. Nikakwangua kwa kijiko nikaweka ulimini.

Hiyo niliionja.

Kisha ukanipora kaderno. Sijui kama unakumbuka; hukuniomba, ulilipora. Ukaanza kutafuta tarehe zote na kuzilinganisha na mwezi, maana naandika pia mwezi ulipoandama na ulipokuwa mpevu, mazoea niliyoyapata kwa baba yangu. Mara zote tatu zilizoharibika zilikuwa siku za bamvua, bahari ilipopanda mpaka ndani ya mto, na mto wenyewe kiangazi kile haukuwa na nguvu ya kuisukuma. Chumvi ilikuwa ikiingia kwa chini mpaka kwenye kisima na kwenye mabwawa. Zile mara mbili nilizojivunia, mvua ilikuwa imejaza mto na maji yalikuwa mafu, bahari haikupanda. Sikuwa bingwa wa chochote. Mvua ndiyo iliyonibeba.

Jambo linalonishangaza mpaka leo ni kwamba samaki wenyewe hawakuonyesha kitu. Walikula, walinenepa, walirukaruka. Kambale mkubwa anaivumilia chumvi ile. Ungemtazama Chefe ukaapa kwamba hana upungufu wowote. Kilichokuwa kikizidiwa ni kile kidogo kisichoonekana kwa jicho, ambacho kilikuwa na dakika moja tu ya kufanya kazi yake. Na kwa sababu hakionekani, nilitafuta cha kulaumu miongoni mwa vinavyoonekana. Mikono yako ilikuwa inaonekana.

Yaliyofuata uliyafanya wewe zaidi yangu. Bwawa la madume tukalichimba juu, kwenye muhogo, ambako maji hayafikiwi na bahari. Baba yako alilalamika kwa kila jembe. "Wengine wanahamisha nyumba, mimi nahamisha wanaume wa kambale," alisema, na bado akachimba mpaka kiunoni. Madume wakakaa huko miezi miwili. Maji ya kuchanganyia tukakinga kwenye paa, tukaweka kwenye mapipa yenye mifuniko. Na kila siku ya kazi, kabla ya kitu chochote, wewe unaonja: pipa, kisima, bwawa la juu. Ukisema hapana, tunaahirisha.

Siku ya mara ya nne nilikupa unyoya. Ulinitazama usoni muda mrefu kabla ya kuupokea. Ulichanganya, nikatia maji, na nikasoma Alhamdu mbili kimyakimya. Kesho yake adhuhuri uliniita kwa sauti ambayo sijawahi kukusikia nayo, nikadhani umeumwa na nyoka. Nikakimbia na upawa mkononi. Ulikuwa umepiga magoti mbele ya beseni. Mayai yalikuwa ya kijani kama dengu, na ndani ya kila moja kitu kilikuwa kinatikisika. Moja likapasuka mbele yetu, kikatoka kimkia. Kisha jingine. Kisha hatukuweza kuhesabu.

Ulisema, "Mama, andika."

Nikaandika. Niliandika tarehe, mwezi, maji, jike, dume. Mahali pa aliyechanganya niliandika jina lako. Lakini sikurudi nyuma kurekebisha ukurasa wa tarehe 7 Oktoba. Nilijiambia kumbukumbu hazifutwi, ndiyo kanuni. Haikuwa kanuni, mwanangu. Ilikuwa aibu iliyovaa nguo za kanuni. Mtu mwenye utaratibu anaweza kujificha ndani ya utaratibu wake miaka mingi, na watu wakamsifu.

Leo asubuhi nimelitoa kaderno lile la Oktoba. Sikufuta. Chini ya yale maneno nimeandika kwa wino wa leo, na tarehe ya leo: "Sababu: maji. Mikono ya Atija ilikuwa mizuri tangu siku ile. Nilisema sikumlea mimi. Ni kweli, na kosa la hilo ni langu, si lake." Nimeweka sahihi. Kaderno liko chini kabisa ya begi lako, chini ya sweta. Baba yako anashangaa kwa nini begi ni zito.

Nataka ulibebe kwa sababu kule chuoni watakupa vipimo. Watakupa hadubini, na utaziona mbegu za dume zikiamka na kuogelea, jambo ambalo mimi nimelifanya miaka yote bila kuliona. Nakuonea wivu kwa hilo, wivu mzuri. Kipimo kitakupa namba na utaandika namba. Lakini siku moja namba itakwenda upande mmoja na mtu fulani mdogo, asiye na cheo, aliyesimama mlangoni, atasema kitu kingine. Sijui utafanya nini siku hiyo. Mimi najua nilichofanya, na sasa kiko ndani ya begi lako.

Kuna jingine nimelifikiria nikiwa peke yangu mabwawani. Ulimi wako ule ni ulimi wa Diaca. Ni Bibi Veronika aliyekunywesha maji ya kule miaka minane. Kama ningekulea hapa, ungezoea kama sisi, na leo tungekuwa wote tunakunywa chumvi na kuapa kwamba ni maji baridi, na mabwawa yangeota majani. Nimejaribu kujifariji kwa hilo. Halafu nikaacha. Samaki hawalipi miaka minane. Sitaki ufikiri kwamba mama yako amepata hesabu inayofanya viatu vile mlangoni visiwe kitu. Nasema tu kwamba ulichokipata ulipokuwa mbali nami, nilikionea aibu mbele ya majirani, na ndicho kilichokuja kutulisha.

Na ndiyo maana nilijua, ulipozungumza na baba yako nyuma ya ukuta, kwamba haikuwa habari ya maji peke yake. Ulikuwa unapima kama mtu huyu aliyekuacha mara moja anakuacha tena. Hapana, Atija. Safari hii sikupeleki mahali ili mimi nipate nafasi. Wewe ndiwe uliyejaza fomu, ukashinda wenzako, ukaitwa. Na kesho sitaondoka kabla hujaamka. Nitakuwa mlangoni na viatu vyangu miguuni mpaka gari lipotee, na Fatu ameapa atalia, kwa hiyo jiandae.

Sasa jibu lako.

Siku ile barua ya bolsa ilipofika, wote mkiwa mnashangilia, mimi nilihesabu. Nilisema, ataondoka, na nyumba hii itabaki na ndimi tatu: yangu, ya Fatu, na ya baba yako, ambaye ni mtu wa Diaca lakini amekaa pwani mpaka hajui tena. Siku ile ile niliacha kunywa maji ya kisima. Tangu hapo sikunywa hata tone. Nilikunywa ya mapipa tu, nikapikia ya mapipa chungu changu, nikaoshea mdomo ya mapipa. Ndiyo sababu nilikuwa nakataa chai za watu. Uliniuliza kama naumwa. Fatu aliniuliza kitu kingine: "Dada, kwa umri huu? Usiniambie ni mimba." Baba yako akasema mama Atija sasa amekuwa Mmakonde wa bara, hanywi ila maji ya mvua. Sikuwajibu, kwa sababu kama ningeshindwa sikutaka ujue. Ungebaki.

Fatu nilimwambia mwishoni kwa sababu nilihitaji mtu wa kunijaribu. Ulipokuwa ukienda sokoni, alikuwa akinifunga macho kwa kanga na kunipangia vikombe vitano, vya mvua na vya kisima. Siku za kwanza nilikosa vyote. Fatu alipiga makofi: "Bingwa huyo!" Wiki ya pili nikaanza kupata viwili. Siku moja akanitilia maji ya mchele kwa makusudi, nikamrushia kikombe. Kisha kikaja kitu cha ajabu. Asubuhi moja nilionja kisima na ulimi ukajikunja pembeni, wenyewe, kabla sijafikiri. Nilisimama pale na ndoo, mtu mzima, nikagundua ladha ya maji yaliyonilea. Kwa miaka yote ile, mwanangu, nilikuwa sijawahi kuyaonja.

Nikakumbuka kikombe cha siku uliyofika. Nikaelewa kwa nini ulitema. Nilikaa ukingoni mwa kisima mpaka Fatu akaja kunitafuta.

Lakini kuonja nikiwa peke yangu si kipimo, na wewe unajua nilivyo. Nilitaka siku ya bamvua, na nilitaka kujipima na wewe. Leo bado ni bamvua, ingawa imeanza kushuka. Kabla ya alfajiri nimekwenda kisimani, nimeonja mara tatu, nimeandika kwenye kaderno: "Chumvi ipo. Kidogo kuliko juzi." Nimefunga kaderno. Ulipoamka nikakupa kikombe, nikakwambia ni mara ya mwisho, nionjee. Ukanywa, ukaviringisha maji mdomoni kama unavyofanya, ukatema pembeni ya mpapai. Ukasema, "Leo ipo, Mama. Lakini haifikii ya juzi."

Nikakugeuzia mgongo nikajifanya natafuta jiwe la kusugulia sufuria. Uliona ni majonzi ya safari. Kidogo yalikuwa hayo. Zaidi ilikuwa furaha, na sikuwa tayari uione kabla sijakuandikia.

Nasikia sauti yako huko njiani, unacheka na mtu, na Fatu anakimbilia mlangoni na furushi jingine. Nakunja karatasi hizi haraka, nitaziweka ndani ya kaderno, penye ukurasa wa tarehe 7 Oktoba, ili usiku nikikwambia uzitafute upite hapo kwanza.

Nenda, Atija. Maji nitaonja mimi.

Mama yako